Foromali zote juu, tanga hakuna: jibu kwa seremala wa Kadutu

Seremala mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia. Mjomba wake alimletea kutoka Ubelgiji sanduku la modeli ya merikebu ya vita ya Kiingereza, ya mizinga 74, ya mwisho wa miaka ya 1700, kwa kipimo cha 1:100. Mwili wa merikebu ameumaliza, milingoti mitatu imesimama na kamba zinazoikaza zimefungwa. Sasa amekwama. Anauliza hivi: “Papa, foromali nimezitundika zote juu kabisa kama kwenye picha ya sanduku. Kamba zinalegea ovyo, puli zinaonekana kama viazi vinavyoning’inia, na tanga sitaki kuweka. Nimekosea wapi, na nianze upya namna gani?”

Jambo, kaka. Kwanza nikupe pole, halafu nikupongeze. Kusimamisha milingoti mitatu bila kuipinda ni kazi ambayo wengi huiacha njiani. Kosa lako ni moja, na hayo mengine yote yamezaliwa nalo: umetundika foromali kabla ya kuamua merikebu yako iko katika hali gani. Je, inasafiri, au imetia nanga na tanga zake zimeteremshwa?

Tukubaliane maneno kabla sijaendelea, maana hapa kwetu tunachanganya ya pwani na ya Kifaransa. Foromali ni ule mti wa kulala unaobeba tanga. Tunachoita puli, watu wa pwani hukiita kapi au abedari, na kigurudumu cha ndani ni roda. Henza ni kamba ya kupandishia foromali. Hamarawi ni kamba za kwenye ncha zake, za kuigeuza ielekee upepo. Demani ni kamba ya kuvutia pembe ya chini ya tanga. Mlingoti wako una vipande vitatu vilivyobebana, na nitaviita wa chini, wa kati na wa kilele. Pale kimoja kinapopokea kingine kuna kipande cha mbao chenye tundu, nacho nitakiita kofia.

Sasa hali ya merikebu. Foromali ya chini, ile kubwa, kwa kawaida hukaa mahali pake juu hata tanga likiwa halipo. Foromali za juu yake sivyo. Mabaharia walizipandisha kwa henza pale tu walipotaka tanga lifunguke. Tanga likikunjwa au kuondolewa, foromali ya mlingoti wa kati huteremshwa mpaka karibu na kofia ya mlingoti wa chini, na ile ya kilele huteremshwa mpaka karibu na kofia iliyo chini yake. Kuna kamba mbili zinazobeba ncha za kila foromali, zinazotoka juu mlingotini na kushuka kulia na kushoto. Foromali ikiwa chini, kamba hizo hukazika, kwa kuwa ndizo zinazoishikilia isilale upande. Ikipanda, hulegea na kuning’inia, na hapo tanga lenyewe, likivutwa na demani zake pande mbili, ndilo linaloinyoosha.

Unaona kilichotokea? Umeweka foromali juu, mahali ambapo kamba za kubeba ncha zinatakiwa kulegea, na tanga la kuzinyoosha hakuna. Kamba zako zinafanya vile hasa ambavyo zingefanya baharini. Hukufunga vibaya. Mchoraji wa ile picha ya sanduku alitaka merikebu ionekane ndefu, basi akazipandisha zote. Teremsha foromali za kati na za kilele. Utashangaa jinsi nusu ya tatizo lako itakavyokwisha kabla hujagusa uzi mwingine.

Kama ulifunga kwa kole nyeupe ya mbao, yaani gundi ya seremala, lowesha fundo kwa tone la maji ya uvuguvugu, ngoja kidogo, litafunguka. Kama ulitumia ile kole kali ya kukauka mara moja, kata. Usivute, utang’oa pini za sitahani, zile za kufungia miisho ya kamba. Na kuanzia leo ile kole isiguse tena uzi wako: inaufanya ung’ae, uwe mgumu kama waya, na baada ya muda uvunjike palepale penye fundo. Kole nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tone moja kwenye ncha ya sindano, inatosha.

Kwa kuwa utazishusha foromali, zitazame vizuri zikiwa mezani. Umeniandikia kwamba foromali kuu, yaani ya chini kwenye mlingoti mkuu, ule wa katikati ya merikebu, ina sentimita 30 na kwamba uliipunguza “kama penseli”, yaani moja kwa moja toka katikati hadi ncha. Foromali ya kweli haichongwi hivyo. Vipimo vya Waingereza, ambavyo David Steel alivichapisha London mwaka 1794, vinaligawa kila nusu la foromali katika robo nne. Unene wa katikati ukiuita mzima, mwisho wa robo ya kwanza unabaki 30 kwa 31, yaani karibu haupungui. Mwisho wa robo ya pili ni 7 kwa 8, wa tatu ni 7 kwa 10, na nchani ni 3 kwa 7. Unene wa katikati wa foromali ya chini ni karibu sehemu moja ya 50 ya urefu wake. Za juu yake ni nyembamba zaidi kidogo, karibu moja ya 58.

Kwa foromali yako kuu, hesabu inakwenda hivi. Katikati milimita 6. Pima milimita 37 na nusu kwenda nje, weka 5.8. Pima tena hivyo, weka 5.25, kisha 4.2, na nchani 2.6. Wewe ni seremala, unajua kitakachoonekana: mti unaokaa mnene kwa muda mrefu, halafu unaanza kuinama taratibu kuelekea ncha. Jicho linaujua umbo huo hata kama mtazamaji hawezi kueleza kwa nini. Anza na mti wa pande nne, uufanye wa pande nane, kisha ndipo uviringishe, na kwenye foromali za chini acha sehemu ya katikati na pande zake nane. Gongo la grevilea lenye nyuzi zilizonyooka linafaa.

Tuje kwenye viazi vyako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo modeli nyingi zinapoharibika.

Puli zako ni kubwa mno. Unasema zilizokuja sandukuni ni za milimita 5, zote sawa. Milimita 5 kwa 1:100 ni nusu mita. Puli za ukubwa huo zilikuwepo melini, lakini chache, kwa kazi nzito kama kupandisha foromali ya chini. Kanuni ya zamani inasema urefu wa puli ni mara tatu ya mzingo wa kamba inayopita ndani yake. Mzingo, kaka, si upana! Mabaharia walipima kamba kwa kuizungushia kipimo, hivyo kitabu kikisema kamba ya inchi 3, maana yake ni inchi 3 kuizunguka. Wengi husoma inchi 3 wakatafuta uzi wa upana huo, na merikebu yote inafungwa kwa kamba nene mara tatu kuliko ilivyokuwa.

Tufanye mfano. Inchi 3 ni milimita 76 kuizunguka kamba. Gawanya kwa 3.14, unapata kamba ya upana wa milimita 24. Kwa kipimo chako hiyo ni uzi wa robo milimita. Puli yake ni inchi 9, yaani milimita 229, na kwako ni milimita 2.3. Chini ya nusu ya zile ulizonazo. Upana wa puli ni pungufu kidogo ya urefu wake, na unene wake ni karibu nusu. Zile za milimita 5 zihifadhi, utazihitaji chache katikati ya foromali za chini.

Puli ndogo hutazipata sokoni, utazichonga. Kwetu Kivu tuna mti ambao Wazungu wanaojenga modeli wangetutamani: mkahawa. Miti ya kahawa iliyozeeka ikikatwa Kabare, Kalehe au Idjwi, watu huitia motoni. Omba vipande viwili vitatu vya shina, paka nta kwenye miisho visipasuke, uviache chini ya paa, kivulini, miezi kadhaa. Mbao yake ni ngumu, rangi yake hafifu, na nyuzi zake zimebanana kiasi kwamba unaweza kutoboa tundu la nusu milimita bila kuvunja ukingo. Mlimau na mpera pia ni mizuri. Mkaratusi usiujaribu kwa kazi hii, unapasuka.

Randa kipande kiwe ufito wa upana wa milimita 2 na unene wa milimita 1 na ziada kidogo. Toboa matundu yote kwanza, ufito ukiwa bado mzima. Kekee ya kipimo hicho ni adimu hapa, lakini sindano ya kushonea inatosha: vunja ncha yake, isugue kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe bapa kama jembe dogo, uichomeke kwenye mpini wa mti na uizungushe kwa vidole. Kisha kwa tupa nyembamba chora mfereji kwenye kingo mbili za ufito, pale kamba ya kufungia puli itakapokaa. Ndipo ukate karibu kutenganisha, uzungushe pembe, na mwishoni uvunje moja moja. Zitie kwenye kopo la maziwa ulilolizungushia msasa ndani, ulitikise dakika chache. Zinatoka zimelainika kama kokoto za ziwani. Pitisha tupa tena mferejini, msasa huwa umeufuta kidogo.

Na tundu liwe wapi? Si katikati. Puli ya kweli ina roda ndani, na kamba hupita juu ya roda, upande ule ambao puli imefungiwa. Kwa hiyo tundu lako moja liwe karibu na mwisho ule wenye fundo, ule unaoelekea foromali au mlingoti. Ukiigeuza, kamba inaonekana inapita chini ya roda, mahali ambapo hakuna kitu cha kuibeba. Nikiangalia modeli ya mtu, hapo ndipo ninapotazama kwanza, na ninaona kosa hili hata kwenye kazi za watu waliotumia miaka mingi.

Nikueleze jambo moja kuhusu puli, uone kwa nini ninaziheshimu. Merikebu ya mizinga 74 kama yako ilihitaji karibu puli 1,000. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya mkono: gamba la mti mgumu kama elmi, roda ya mti mzito sana unaotoka visiwa vya Karibi. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilihitaji kama 100,000 kila mwaka. Basi Marc Isambard Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, akabuni mashine za kuzitengeneza, fundi Henry Maudslay akazijenga kwa chuma, na miaka ya mwanzo ya 1800 zikafungwa katika karakana ya wanamaji ya Portsmouth, Uingereza. Wanaume 10 wakafanya kazi ya 110, na mwaka 1808 zilitoka puli 130,000. Ni miongoni mwa mara za kwanza duniani mashine za chuma kuzalisha kitu kimoja kwa wingi namna hiyo, na kitu chenyewe kilikuwa puli ya mbao. Ukichoka ukiwa umefikia puli ya arobaini, kumbuka kuwa merikebu yako ni ya kabla ya mashine hizo. Zake zilichongwa na mafundi mbao, watu wa kazi yako.

Puli za milingoti ya wakati huo zilifungwa kwa kamba iliyopakwa lami. Usizifunge kwa waya, basi. Tumia uzi mweusi au wa kahawia iliyokolea. Waya wa shaba wa mota mbovu uuweke kwa ajili ya kulabu na pete za sitahani.

Uzi. Soko la Kadutu liko karibu nawe, huna haja ya kwenda mbali. Nunua wa polyesta, mweusi kwa kamba zinazokaza milingoti na rangi ya mchanga kwa zile zinazokimbia kwenye puli. Chagua rangi dukani, kwa kuwa polyesta haishiki rangi ya chai. Pitisha uzi mara moja kwenye nta ya nyuki ili malaika yake yalale, kisha uvute kwenye kitambaa kikavu. Nailoni ya kuvulia sambaza usiitumie, inang’aa na inavutika. Pamba nayo ina shida ya hapa kwetu hasa. Uzi wa pamba uliosokotwa hujikaza ukipata unyevu na hulegea ukikauka, na Bukavu tuna mvua kuanzia Septemba mpaka Mei, kisha ukavu wa miezi mitatu. Merikebu yangu ya pili niliifunga kwa pamba mwezi wa Julai, kila kamba imekazwa kama ya gitaa. Oktoba, mvua zilipozidi, nilikuta mlingoti wa kilele umepinda kama fimbo ya mvuvi. Niliufungua wote. Tangu hapo sikazi kamba kupita kiasi, hata ya polyesta: ikishanyooka, inatosha.

Sasa namna ya kutundika. Kila kitu kinachoweza kufungwa kwenye foromali ikiwa mezani, kifungwe mezani. Pale juu mikono haitaingia. Kwenye kila ncha, kuanzia ndani kwenda nje, weka kwanza kitanzi cha kamba ya kukanyagia, kisha kamba ya hamarawi, kisha puli ya demani ya tanga la juu pamoja na puli ya kamba ya kubeba ncha. Katikati weka puli zile kubwa za kupandishia, na chini yake puli za kuongozea demani kwenda sitahani.

Kamba ya kukanyagia ni ile mabaharia waliyosimama juu yake wakikunja tanga, tumbo limeegemea foromali. Inaning’inia kama sentimita 90 chini ya mti, kwako milimita 9. Huanzia nchani upande mmoja, hupita katikati na kufungwa ng’ambo kidogo, hivyo mbili zinapishana pale katikati. Uzi wako ni mwepesi mno, hautaning’inia wenyewe. Ilaze foromali kwenye ubao, vuta uzi chini kwa pini mpaka upate upinde unaotaka, paka kole ya maji, uache usiku mzima.

Kabla ya kuitundika, toboa tundu dogo nyuma ya foromali na jingine mlingotini, uchomeke kipande cha waya wa shaba. Waya utashika uzito wakati unafunga, na hakuna atakayeuona. Foromali za juu zilikumbatiwa mlingotini kwa mkufu wa mbavu za mbao na vigololi, ili ziteleze zikipanda na kushuka. Shanga ndogo za kahawia, safu mbili, zitakupa hicho kitu. Mama wa shanga pale sokoni atakuchagulia zilizolingana kuliko utakavyochagua wewe.

Anza na foromali za chini za milingoti yote mitatu, kisha za kati, kisha za kilele. Kamba zinazoishia katikati ya sitaha, karibu na mguu wa mlingoti, zifungwe kabla ya zile za pembeni, vinginevyo utakuwa unapitisha kibano kwenye msitu. Funga kulia na kushoto kwa pamoja: ning’iniza kibanio cha nguo kwenye kila mwisho wa kamba viwe vizito sawa, rudi nyuma hatua mbili, tazama kama foromali imelala sawa, ndipo utie kole. Kwa kuwa huna tanga, ncha ya demani iunganishe na ile kamba ya kukunjia pembe ya tanga, uzivute pamoja mpaka zifike kwenye puli. Hivyo ndivyo walivyofanya ili kamba zisipotelee juu.

Hamarawi ziwe za mwisho kabisa. Ukizifunga mapema zitakuzuia mkono kila upande. Za mlingoti wa mbele zinarudi nyuma kwenye kamba nene inayotoka mlingoti mkuu kuja mbele. Za foromali kuu zinakwenda tezi, yaani nyuma, pembeni mwa merikebu. Za galme, ule mlingoti wa nyuma, zinakwenda mbele, kwa sababu nyuma yake hakuna mlingoti mwingine wa kuzipokea. Na kwenye galme usishangae kwamba foromali ya chini haina puli za kukunjia tanga: haikubeba tanga. Kazi yake ilikuwa kutanua pembe za chini za tanga lililo juu yake.

Bado kuna kitu kimoja ambacho hukuuliza, ila kwenye picha uliyonitumia nimekiona. Umekata kila kamba kwenye pini yake, ikabaki ncha fupi. Henza iliyopandisha foromali ina urefu mwingi uliobaki mkononi mwa baharia, lakini foromali zako sasa ziko chini, kwa hiyo pale penye pini za henza panatakiwa pawe na kamba kidogo tu, na penye pini nyingine pawe na nyingi. Tengeneza mikunjo peke yake: zungusha uzi kwenye misumari miwili mara tano au sita, paka kole ya maji, ukikauka uutoe na uuning’inize kwenye pini, upande wa chini ubonyezwe kidogo uonekane una uzito.